SOMO LA AFYA: Kizunguzungu na Dawa za Nyumbani

Ndugu wanakikundi, mtu akishikwa na kizunguzungu wengi wetu hukimbilia majani. Kwanza tujue kimetoka wapi.

Ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vitatu vyenye maji. Hivyo ndivyo huujulisha ubongo kichwa kinapogeuka. Vikisumbuka, nyumba yote huzunguka na unasikia kutapika. Lakini kizunguzungu pia huletwa na upungufu wa damu, njaa, kuhara ama presha.

Tangawizi: Ponda kipande kama kidole gumba, chemsha na kikombe cha maji dakika 10, chuja, unywe polepole. Hutuliza kichefuchefu, lakini haiponyi sikio.

Aliyehara: Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo.

Usitie maji ya majani, mafuta wala mkojo sikioni. Kama ngoma ya sikio imetoboka, uchafu utaingia ndani, na mtu anaweza kuwa kiziwi.

Usingoje, mpeleke hospitali ukiona:
- sikio linatoa usaha
- homa na shingo kukakamaa
- mdomo umepinda, ama mkono mmoja hauna nguvu
- mama mja mzito anaumwa sana na kichwa, macho yanaona giza

Maswali ya kujadiliana:
1. Hapa kwetu watu hutia nini sikioni?
2. Mgonjwa akizidiwa usiku, kikundi kitamfikishaje hospitali, na pesa za gari zitatoka wapi?