Dondoo Muhimu: Mafunzo ya Usalama kwa Mafundi Ujenzi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamlazimu mwajiri wa Tanzania kumfunza mfanyakazi wake, wala si hisani. Basi uitwapo mafunzoni, taka yawe ya vitendo, kwani cheti kilichopatikana kwa kukaa kitini hakimzuii mtu kuanguka. Fundi na ajue, kwa mfano, kwamba ngazi iegemeayo ukuta kwa kimo cha mita 4, kitako chake hukaa mita 1 kutoka ukutani, na kwamba mkanda wa usalama usiofungwa mahali madhubuti ni pambo tu. Saruji mbichi nayo (jambo hili husahauliwa mno) huunguza ngozi: ioshe kwa maji mengi papo hapo. Vibarua wa kutwa wana haki iyo hiyo ya kufunzwa; waidai kabla ya kupanda jukwaani.