Ruta ya dukani na nywila iliyosambaa

Swali: Ruta ya dukani kwangu inatumia usimbaji wa WEP, na majirani wameshaijua nywila. Nikibadilisha nywila inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. WEP ilivunjwa tangu 2001. Leo mwenye kompyuta ya kawaida huipata nywila yake kwa dakika chache, iwe ngumu kiasi gani. Ingia kwenye mipangilio, chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 ya 2018 kama ipo, ndipo uweke nywila mpya ndefu. WPS, yaani njia ya kuunganisha vifaa kwa PIN, izime kabisa: PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuibaini. Badilisha pia nywila ya mipangilio iliyokuja na ruta. Kama haina WPA2, nunua nyingine.