Mchunga, Chapati Kavu na Swali la Mtoto

Mwambie jirani yako wa Makanyagio kwamba mwaka huu mtakula Pasaka nyumbani, naye atakuuliza mmenunua mchele kilo ngapi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa sikukuu mbili, ya Waisraeli kutoka Misri na ya Kristo kufufuka. Ninayoisema hapa ni ile ya Kutoka sura ya 12, chakula cha usiku ambacho, kwa simulizi ya Mathayo, Marko na Luka, Yesu alikila na wanafunzi wake kabla ya kukamatwa. Familia ya Kikristo inaweza kukiandaa Mpanda kwa jiko la mkaa na vitu vya sokoni.

Kwanza chagua siku. Ukifuata kalenda ya Wayahudi unaweza kujikuta mwezi mzima nje ya Juma Kuu: mwaka 2024 Pasaka yetu ilikuwa 31 Machi, yao ikaanza jioni ya 22 Aprili. Mimi huchagua Jumatano ya Juma Kuu. Alhamisi jioni Wakatoliki wako kwenye Misa ya Karamu ya Bwana, na Ijumaa Kuu hawali nyama. Kutoka nako kunakataza kubakiza nyama hadi asubuhi, kwa hiyo ukiwa umepika nyingi, jirani apelekewe sahani usiku huohuo.

Nyama yenyewe inaweza kuwa kondoo au mbuzi. Maandiko yanaruhusu wote wawili, dume wa mwaka mmoja, achomwe, asichemshwe, wala mfupa wake usivunjwe. Hapo kwenye mfupa ndipo nilipokwama mwaka wangu wa kwanza. Nilitoa hela, nikageuka kumsalimia mtu, nikasikia shoka likigonga gogo: paja langu limeshakuwa vipande vya supu. Siku hizi nasema kabla shoka halijainuliwa, "Kaka, nipe paja zima, usiguse mfupa." Hunitazama kama mtu asiyejua kula.

Hata paja si lazima. Tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe mwaka 70, hakuna tena mwanakondoo wa sadaka, na Wayahudi huweka mezani mfupa mmoja uliochomwa kuwa kumbukumbu. Weka mfupa, kisha mle migebuka ya Karema kama ndiyo mfuko unaoruhusu. Au fanyeni kama Kutoka kunavyosema kwa nyumba yenye watu wachache: shirikianeni na jirani, mbuzi mmoja kaya mbili.

Mkaa uingize ndani siku mbili kabla, maana masika ya huku hayajali sikukuu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, wape watoto tochi watafute chachu ndani ya nyumba: kipakiti cha hamira, andazi lililosahaulika kwenye ndoo, kipande cha mkate juu ya kabati. Togwa nayo itoke. Watapenda kazi hii kuliko sala yoyote utakayowaandalia.

Mkate usiotiwa chachu tunaujua tayari, ila sisi huuharibu kwa mafuta. Chukua unga wa ngano vikombe vitatu, maji kikombe kimoja na chumvi kidogo, basi. Kwa sheria ya Kiyahudi, tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie motoni zisipite dakika 18, kwa hiyo kaango liwe limeshapata moto ndipo umimine maji. Sukuma nyembamba, toboatoboa kwa uma isifure, choma pande zote mbili bila tone la mafuta. Itatoka ngumu, yenye madoa meusi, na mtoto mmoja lazima atanuna. Mwache anune, maana ndiye atakayeuliza.

Mboga chungu ni mchunga, unaoota wenyewe shambani msimu huu. Uoshe, uule mbichi. Ukiukosa, kata nyanya chungu. Ponda karanga na ndizi mbivu, changanya na asali ya Inyonga hadi iwe kama tope. Hilo ndilo tope la matofali waliyofyatulishwa Waisraeli, na mtoto wa Mpanda, aliyekwisha kuona tanuru la matofali likifuka moshi, hahitaji ufafanuzi. Juisi ya rozela ikae badala ya divai. Mkitaja mapigo kumi, kila mtu achovye kidole na kudondosha tone sahanini kwa kila pigo, furaha ipungue kidogo kwa ajili ya Wamisri waliolia.

Damu kwenye miimo ya mlango muiache kwenye simulizi. Katavi hii, ukipaka damu mlangoni usiku, asubuhi mwenyekiti wa mtaa yuko barazani kwako, na hajaja kula.

Usivae kofia za Kiyahudi wala kuigiza lugha yao. Wenye sikukuu wapo hai, hata Afrika Mashariki: Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, wameishika imani hiyo tangu Semei Kakungulu alipoianzisha mwaka 1919.

Sasa hayo yote mezani yanangoja swali. Kutoka kunasema wazi kwamba watoto watauliza maana ya jambo hili, na mkubwa ajibu. Usianze kuhubiri kabla hawajauliza. Akiuliza mdogo kuliko wote kwa nini chapati ni kavu, jibu safari ya Misri kwa dakika kumi, kisha mwachie nafasi aliye mkubwa kuliko wote aeleze ninyi mlifikaje hapa. Kuna waliokuja na reli ya Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini, na kuna waliohama na ng'ombe kutoka Usukuma. Kwa familia ya Katumba au Mishamo iliyokimbia Burundi mwaka 1972, simulizi ya kuondoka usiku unga haujaumuka haina haja ya kutafsiriwa.

Kwetu ni bibi. Husogeza bakuli la mchunga, hukunja kitenge magotini, na kuanza na mambo ambayo sisi hatukuyauliza: nani alibeba sufuria, nani alibeba mtoto, na kilichoachwa jikoni kikiwa bado cha moto.