Mdogo Wangu, Chungulia Kwanza Ndoo Yako ya Taka

Wadogo zangu wa Mbezi Luis, Makabe, Kibamba, Goba na pande zote hizo, leo kona yetu inaingia jikoni na kutokea uani. Wengi mnaniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: gari la taka limechelewa, mifuko imejaa nyuma ya geti, mbwa wameichana, inzi hawaondoki. Wengine mmechoka kusubiri, jioni mnawasha kiberiti. Mnataka kujua namna ya kupunguza taka za nyumbani bila kuongeza matumizi.

Jibu langu ni hili: badili vile unavyonunua kila siku. Kitu unachokinunua mara moja kwa mwaka hakiwezi kukujazia ndoo. Kinachoijaza ni kile cha asubuhi, cha mchana na cha jioni: ganda, kifungashio, chupa, nepi. Ukibadili viwili au vitatu kati ya hivyo, utaona tofauti kabla mwezi haujaisha, na pesa ya matumizi itapumua.

Kwa hiyo usianze kwa kwenda dukani. Anza kwa kuchungulia ndoo. Kwa wiki moja, tenga taka zako mafungu matatu: zinazooza, zinazouzika na zilizobaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoo ya taka ni daftari la nyumba yako. Itakuonyesha pesa inakopotelea kila siku, hata ile uliyodhani ni ndogo.

Vinavyooza

Fungu hili ndilo zito kuliko yote. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani Dar es Salaam ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, ya viazi na ya maembe, vikonyo vya mchicha, machicha ya nazi, ukoko wa ugali. Ndivyo vinavyofanya mfuko uvuje na unuke. Viondoe humo, na kitakachobaki ni kikavu na chepesi. Hata gari likichelewa siku kadhaa, nyumba haitanuka.

Machicha na maganda laini wapelekee kuku. Kama hufugi, hukosi jirani anayefuga kuku au mbuzi. Mkubaliane, awe na ndoo yake ndogo kwako. Yanayobaki yatengenezee mboji. Chagua kona yenye kivuli, chimba shimo la kina cha magoti, kisha panga tabaka: maganda mabichi kidogo, majani makavu au maranda mara mbili yake, na udongo kiasi juu. Hayo makavu ndiyo yanayozuia harufu na inzi, kwa hiyo usiyafanyie ubahili. Nyunyizia maji rundo likikauka, ligeuze kila wiki, funika mvua zikianza. Baada ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi usionuka, mzuri kwa mchicha na matembele. Usitie nyama, samaki, mafuta wala kinyesi cha mbwa na paka, maana vinaita panya na magonjwa.

Wewe uliyepanga chumba kimoja usijione umeachwa nje. Ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini na ubavuni inatosha kwa maganda ya watu wawili. Mboji ikiiva, mimina kwenye kiroba cha mchele, panda sukuma wiki mlangoni.

Na msidhani haya ni ya mtu mwenye muda mwingi. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachopokea taka za masokoni. Kule Bonyokwa, wakazi wakishirikiana na shirika la Nipe Fagio wamekuwa wakitenganisha taka nyumbani, wakusanyaji wakipita mlango kwa mlango na zile zinazooza zikigeuzwa mboji. Hao ni watu wa kawaida, wenye watoto na daladala za kuwahi.

Lakini taka nzuri kuliko zote ni chakula kisichotupwa kabisa. Nunua nyanya za siku mbili, si za wiki, kama huna friji. Viazi na vitunguu usiviweke chombo kimoja, vinaharibiana. Mchicha simamisha mashina yake kwenye kikombe cha maji, utafika kesho ukiwa hai. Ndizi mbivu iliyolegea iponde kwenye unga wa chapati za maji, watoto wataifurahia. Kiporo kihifadhi mapema kikiwa kimefunikwa, na asubuhi kipashe mpaka kipate moto barabara.

Vifungashio

Mnakumbuka tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki tunayoita rambo ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilishatutangulia miaka mingi nyuma, na Kenya ilifunga mlango mwezi Agosti 2017. Kanuni zetu zinasema ukikutwa unatumia mfuko huo faini ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Mitaro ilianza kupumua. Kisha vile vifuko vyepesi vinavyoonyesha ndani, vya kufungashia karanga na sukari, vikaanza kubebea bidhaa kama mifuko, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kuvikataza navyo kwa kazi hiyo.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Ile mifuko mbadala tunayoita ya kitambaa, mingi imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Imefanywa nene ili itumike mara nyingi. Ukiinunua kila unapokwenda sokoni na kuitupa nyumbani, taka hujaipunguza, umeibadilisha sura tu, tena kwa pesa yako. Fungua kabati uhesabu iliyolundikana humo. Hiyo inakutosha mwaka mzima. Kunja mmoja uweke kwenye mkoba wa kazini, mwingine utundike kwenye kitasa cha mlango. Ikichakaa, chukua kanga kuukuu umpelekee fundi cherehani akushonee mfuko wenye mikono mirefu, au nunua kapu la ukindu. Kapu linadumu, na likifika mwisho wake linaoza kama jani lolote.

Baada ya mfuko, angalia chakula cha kununua. Chipsi, supu, mihogo, maharage ya asubuhi: vyote hivi huja na kifuko chake, wakati mwingine viwili, na kachumbari ina cha kwake. Mtume mtoto na bakuli lenye mfuniko. Mwambie mama ntilie kwa heshima, "Mama, naomba uniwekee humu." Wengi hufurahi, kwa sababu kifungashio wanakinunua kwa pesa yao. Na chakula cha moto kikae kwenye bati au udongo, kisikae kwenye nailoni.

Hapo hapo niseme la wali. Tumezoea kufunika wali kwa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Acha, mdogo wangu. Plastiki ikipata moto inaachia vitu vyake kwenye chakula, na ukishapakua inakwenda jalalani. Jani la mgomba linafanya kazi hiyo hiyo na kuongeza harufu nzuri. Kama huna mgomba, sahani ya bati na mfuniko uliokandamizwa kwa jiwe safi vinatosha.

Dukani kwa Mangi, ulizia vya kupima. Mafuta ya kula, sabuni ya maji na dawa ya kusafishia choo mara nyingi hupimwa ukienda na chupa yako. Chupa za sabuni na za mafuta usizichanganye, ziandike kwa wino usiofutika. Vikavu kama mchele, maharage, unga na sukari, nunua kwa wingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Pakiti za nusu kilo hukupa vifungashio vingi na bei ya juu. Kama pesa haitoshi, changeni majirani watatu, mlete gunia moja, mgawane kwa ndoo. Vikoba mnavyo tayari, kuvitumia kwa hili hakuhitaji katiba mpya.

Maji nayo. Nyumba inayonunua chupa mbili ndogo kwa siku inatoa chupa 60 kwa mwezi, zaidi ya 700 kwa mwaka. Chemsha maji yatokote sawasawa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, yatie kwenye ndoo yenye koki, na kila mtu awe na chupa yake ya kudumu. Ukikosa moto, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chupa ulizokwisha kununua zikusanye kavu kwenye kiroba, pamoja na makopo. Wanunuzi wa plastiki na chuma chakavu huzipima kwa kilo, au mpe kijana anayepita akiziokota. Kwake hiyo ni riziki.

Vya mwilini

Haya tuzungumze kama dada na mdogo wake, bila haya. Mtoto anayebadilishwa nepi mara tano kwa siku anatoa nepi 150 kwa mwezi, nazo haziozi. Sikuambii uache pampasi usiku au safarini. Mchana, ukiwa nyumbani na maji yapo, mvalishe nepi za kitambaa. Kinyesi kitie chooni kwanza, loweka, fua kwa sabuni, anika juani. Ukipunguza nepi mbili tu kwa siku, umeokoa 60 kwa mwezi na pesa ya maziwa.

Pedi za kitambaa pia ni nzuri kwa aliye na maji na mahali pa kuanikia. Fua kwa maji baridi na sabuni, anika juani, pasi ikiwezekana. Asikutie mtu aibu kwa kuzianika, na asikutie mtu aibu ukichagua za kutupa kwa sababu bomba halitoi maji wiki nzima. Afya yako inatangulia. Za kutupa zifunge kwenye gazeti, usizitumbukize chooni.

Kwa vyombo na kuogea, panda dodoki kwenye uzio. Linatambaa lenyewe, likikauka unalimenya, unapata la kusugulia vyombo na la kuogea. Likichakaa liingie kwenye shimo la mboji.

Kiberiti weka chini

Najua barabara za ndani kwetu ni za makorongo na masika gari halipandi. Hata hivyo, kuchoma plastiki na nepi nyuma ya nyumba ni kuwavutisha watoto wako sumu, na moshi huo unaingia kwa jirani mwenye pumu. Wenye taka chache na kavu wanaweza kusubiri gari, ndiyo maana nimeanza na maganda.

Jambo jingine ni vifuu vya nazi, makopo na matairi yaliyoachwa uani. Maji ya mvua yakijaa humo, mbu anayeeneza dengue anazaliana, na huyu anauma mchana. Dar es Salaam iliteseka kwa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Vifuu tumia kuwashia jiko, makopo geuza mdomo chini au uza.

Na tukumbuke taka zetu huwa zinakwenda kwa mtu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu. Dampo lilihama. Leo taka za jiji zinapelekwa Pugu Kinyamwezi, nako kuna nyumba na watoto. Kila ganda linalobaki kwako likawa mboji, kuna mama wa Pugu halimfikii.

Nyumba nzima ishike

Jambo hili likibebwa na mtu mmoja halidumu. Usimwachie binti wa kazi peke yake, kisha umgombeze akikosea. Mwonyeshe, naye akikwambia ndoo ya maganda inajaa lini, msikilize, maana yeye ndiye anayeishika. Mpe baba wa watoto kazi ya kugeuza mboji kila Jumamosi. Watoto wakabidhi kiroba cha chupa, na pesa yake iwe ya madaftari. Vijana wa gari la taka wengi wanashika mifuko kwa mikono mitupu: wembe na vioo vilivyovunjika vifunge kwenye boksi na uandike juu, na ukiwakuta wasalimie kwa heshima kama unavyomsalimu fundi yeyote.

Wiki ya kwanza chungulia ndoo tu. Ya pili tenga maganda. Ya tatu chagua kifungashio kimoja ukiache. Usiongeze kipya mpaka cha kwanza kimekuwa mazoea.

Ukishafika hapo, nenda mkutano wa serikali ya mtaa ukiwa na stakabadhi zako za ada ya taka, uulize gari linakuja siku gani na kwa nini halikuja. Utauliza ukiwa umetimiza wajibu wako nyumbani, na majirani watakaokuwa wameshaona uani kwako kulivyo watasimama nawe.