Dopamini na Dalili za Wazimu

Kijana wa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Iringa kutoka Mbeya, aanzapo kusikia sauti za watu asiowaona, na kushikilia kwamba honi za malori zampelekea yeye ujumbe, jamaa zake huuliza ni nani aliyemroga. Sayansi huuliza jambo jingine: ubongo umepataje kuona maana mahali pasipokuwa na maana?

Chembe za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Chembe moja humwaga kemikali katika mwanya mwembamba mno, nayo hunaswa upande wa pili na vipokezi, kama ufunguo uingiavyo katika kitasa. Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini, ambayo hulitia alama jambo listahililo kuangaliwa: harufu ya chakula, mlio wa hatari. Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa skizofrenia hutengeneza dopamini kupita kiasi. Basi kila kitu hutiwa alama, hata honi na kikohozi cha mpita njia. Akili nayo, isipoiona sababu, huibuni, na huichota katika mazingira yake. Mmoja atamtaja jirani mchawi, mwingine polisi wa siri.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, dawa ya mizizi ya miti ya jamii ya Rauvolfia, ambayo huota Afrika ya Mashariki pia. Reserpini huimaliza akiba ya dopamini. Sungura wakazubaa wasitikisike. Walipodungwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakachangamka tena. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Kloropromazini, iliyoanza kutibu wazimu mjini Paris mwaka 1952, haimalizi dopamini bali huziba vipokezi vyake, na haloperidoli vivyo hivyo. Sauti hufifia. Lakini dopamini hiyo hiyo, katika njia nyingine ya ubongo, huongoza misuli, na kwa hiyo mgonjwa aweza kutetemeka na kukakamaa kama wale sungura. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Nyumbani huonekana kwamba dawa imemharibu kijana. Huachwa, na baada ya majuma au miezi sauti hurejea. Kumbe kutetemeka kule si dalili ya sumu wala ya uchawi kuzidi, na tabibu akiarifiwa aweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuongeza benzheksoli.

Hata hivyo dopamini haielezi yote. Kujitenga na kukosa ari hupungua kidogo tu kwa dawa hizo. Ketamini, itumiwayo kuwalaza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali nyingi za wilaya, huziba vipokezi vya kemikali nyingine, glutamati, na baadhi yao huzinduka wakiona visivyokuwapo. Yaelekea hitilafu ya mahali pengine ndiyo ifunguayo bomba la dopamini. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini, ikichanganywa na trospiamu: dawa ya skizofrenia isiyoziba vipokezi vya dopamini hata kidogo.