Chemchemi Ikianza Kuvuja: Rekebisha Kabla Maji Hayajahama

Katika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira, maji ya kunywa huchotwa chini ya mteremko, kwenye chemchemi iliyojengewa ukuta na kuwekewa bomba. Baadhi ya chemchemi hizo zilijengwa miaka mingi iliyopita. Ukuta ungali umesimama, lakini maji yanapita chini yake, bomba linatoa maji kidogo na foleni ya mitungi inazidi kurefuka. Wakazi wakiona hivyo, wengine husema chemchemi imekauka. Wengine hukoroga simiti na kuziba ufa unaoonekana. Baada ya mvua chache, ufa mwingine hutokea kando.

Somo hili linaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi kamati ya kijiji pamoja na fundi wa mawe wanavyoweza kuitengeneza chemchemi badala ya kuitupa.

Kilichoko nyuma ya ukuta

Mvua inayonyesha mlimani huzama ardhini hadi ikutane na tabaka gumu la mwamba au udongo wa mfinyanzi. Maji hayawezi kupenya hapo, kwa hiyo hufuata tabaka hilo na kutokea kwenye mteremko. Mahali yanapotokea ndipo jicho la chemchemi.

Fundi anapojenga, hulichimba jicho, akalijaza mawe safi, akafunika mawe hayo kwa karatasi nzito ya nailoni, kisha udongo wa mfinyanzi uliofinyiliwa, na juu kabisa udongo wa kawaida wenye nyasi. Mbele husimamisha ukuta wenye bomba. Bomba hilo lazima liwe chini kidogo kuliko jicho, ili maji yashuke bila kusukumwa. Likiwa juu mno, au likiziba, maji hurudi nyuma, hujikusanya na kuanza kutafuta upenyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye chemchemi, ufa ni dalili kwamba maji yamekosa njia. Fungua njia kwanza, ndipo uzibe ufa. Kamati inayoanza na simiti huongeza shinikizo nyuma ya ukuta, na maji yaweza kuhama kabisa na kutokea katika shamba la jirani au kwenye korongo ambako hayachoteki.

Pima kabla ya kuchimba

Weka mtungi wa lita 20 chini ya bomba na uhesabu sekunde kwa simu. Ukijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika, na watu 20 wenye mtungi mmoja kila mmoja watamaliza kuchota kwa takriban dakika 13. Ukijaa kwa sekunde 80, foleni hiyohiyo itachukua karibu dakika 27. Andika kipimo hicho kila mwezi. Kikishuka ghafla hata wakati wa mvua, shuku kizuizi au uvujaji.

Kagua pia mambo haya matatu. Je, kuna maji yanayotoka chini au kando ya ukuta? Je, maji ya bomba huwa na rangi ya udongo baada ya mvua? Je, kuna mti, choo au njia ya ng'ombe juu ya jicho? Maji yakibadilika rangi baada ya mvua, ni ishara kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia bila kuchujwa, pamoja na kinyesi kilichoko njiani.

Hatua za ukarabati

Kazi hii hufanywa vyema wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu. Wajulishe wakazi mapema ili wapate maji kwingine.

1. Safisha bomba. Ondoa mizizi na matope kwa waya au ufito. Maji yakirudi kwa kasi, huenda uvujaji ukakoma wenyewe.

2. Yasiporudi, fungua nyuma ya ukuta. Toa udongo, nailoni na mawe taratibu. Wacha maji yapite kando kupitia mtaro mdogo, usiyazuie. Osha mawe, kata mizizi na uondoe matope.

3. Tafuta upenyo. Maji yakipita chini ya ukuta, chimba hadi kwenye tabaka gumu, jaza udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa na uufinyilie kidogo kidogo. Msingi usiofika tabaka gumu utavuja tena.

4. Sasa ziba ufa. Upanue kwa patasi, uusafishe, uuloweshe, kisha ujaze mchanganyiko wa simiti kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu. Ufunike kwa gunia bichi na uumwagilie maji kwa siku saba.

5. Rudisha mawe, nailoni mpya, udongo wa mfinyanzi na nyasi. Hakikisha kinywa cha bomba kiko chini kuliko jicho na bado mtungi unaenea chini yake.

6. Juu ya jicho, chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua na uweke ua wa kuzuia mifugo. Chini ya bomba, fungua mtaro wa kuondoa maji yanayomwagika.

Baada ya kazi, mwombeni afisa wa afya ya umma atibu chemchemi kwa klorini na kupima maji. Hadi atakaporidhika, chemsheni maji yote ya kunywa.

Mikaratusi na vyoo

Ukarabati hautadumu ikiwa kilichoharibu chemchemi kingali pale. Mikaratusi hunywa maji mengi, na mizizi yake hupasua kuta. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na vyanzo vya maji ing'olewe, lakini kwenye mabonde mengi ingali imesimama kwa sababu ni kuni, ni mbao na ni pesa ya karo. Mwenye shamba asilazimishwe kupata hasara peke yake. Kamati iketi naye, wakubaliane miti ivunwe lini na ipandwe wapi, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya naibu wa chifu.

Kwa upande wa vyoo, nafasi ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba yamegawanywa kuwa vipande vidogo. Hata hivyo, choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi, na kisiwe upande wa juu.

Faida yake

Watafiti waliofuatilia chemchemi zilizojengewa huko Busia walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye maji ya chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na visa vya watoto kuhara vikapungua kwa robo. Lakini maji yaliyokuwa nyumbani hayakuwa safi kiasi hicho, kwa kuwa yalichafuka tena baada ya kuchotwa. Kwa hiyo mtungi uoshwe na ufunikwe, la sivyo kazi ya ukutani itapotelea jikoni.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne limekabidhi kaunti huduma za maji. Kazi inayozidi uwezo wa kijiji, kama vile ukuta ulioinama au jicho lililohama, iripotiwe kwa msimamizi wa wadi. Bomba lililoziba na mtaro uliojaa matope vyaweza kushughulikiwa na majirani wenyewe kwa majembe Jumamosi moja.

Maswali ya kujadili kwenye baraza

Chemchemi yenu hujaza mtungi kwa sekunde ngapi leo? Nani anaandika kipimo hicho? Na mara ya mwisho bomba lilisafishwa lini?