Kabla ya Kuuliza Jina, Tazama Shingo

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu gitaa la marehemu babu yake rafiki yako, nimekusoma vizuri. Wenzako wengi wana swali kama lako, kwa hiyo nakujibu hapa mbele ya wote. Unasema ni Fender Stratocaster, limekaa miaka mingi juu ya kabati, halitoi sauti, familia inataka kuliuza, na kuna fundi ameshakuahidi kulipaka rangi upya ling'ae. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililonishtua. Usikubali.

Rangi ya kale si uchafu. Magitaa mengi ya Marekani ya miaka ya 50 na 60 yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ikizeeka hugeuka manjano na kufanya nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa hizo hazidhuru mbao hata kidogo. Wanunuzi wa magitaa kongwe huzitafuta, maana zinawaambia kwamba hakuna aliyekiparamia chombo kwa msasa. Gitaa lililopakwa rangi upya linaweza kupoteza hata nusu ya bei yake, na ukishaing'oa rangi ya mwanzo huirudishi tena. Mpe gitaa kitambaa kilicholowanishwa kidogo, kisha kikavu. Hiyo ndiyo huduma ya rangi inayolitosha.

Sasa swali ambalo wengi hulisahau: gitaa ni la nani? Uliza kwa upole, lakini uliza. Kama mzee alikuwa mwanabendi, kumbuka kwamba bendi nyingi za dansi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo ni vya mwajiri, na akihamia bendi nyingine gitaa lilibaki. Kwa hiyo chombo kilichoko nyumbani kwa mzee kina historia yake: huenda alikinunua, huenda alipewa bendi ilipovunjika, huenda kilikuja kwa matengenezo na hakikurudi. Tena yeye ni marehemu, ana warithi. Msilipane sebuleni na mtu mmoja tu wa familia. Andikeni karatasi, warithi watie saini, na mjumbe wa mtaa ashuhudie. Nakuombea usije kugombana na shangazi wa mtu miaka mitano baadaye.

Ukishamaliza hilo, ndipo uliguse gitaa. Anza na shingo kabla ya jina lililoandikwa kichwani, kabla hata ya kuuliza kama linawaka. Umeme unatengenezeka kwa fundi yeyote mwenye mkono mtulivu. Shingo iliyojisokota, upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka, itakula pesa zako zote na bado nyuzi zitalia vibaya. Inua gitaa usawa wa jicho, utazame kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi ulionyooka hivyo ndio rula yako. Karibu na freti ya saba panatakiwa pawe na upenyo mdogo wa kupitisha kadi nyembamba. Uzi ukilalia freti zote, shingo imerudi nyuma. Upenyo ukimeza sarafu, shingo imevutwa mbele na nyuzi.

Hali zote mbili hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, mradi izunguke. Kwenye Stratocaster za kabla ya mwisho wa 1971, nati yake iko upande wa mwilini na mara nyingi lazima shingo ifunguliwe ndipo uifikie. Zilizotoka baada ya hapo hadi 1981 unaiona kichwani. Robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha liache gitaa lilale usiku kucha ndipo upime tena. Nati ikigoma, usiilazimishe, maana fimbo ikikatika humo ndani hiyo ni kazi ya kupasua mbao. Na kama siku moja utaletewa Gibson, geuza kichwa utazame nyuma yake, pale kinapokutana na shingo. Kichwa cha Les Paul kimelala nyuma, na gitaa likianguka hapo ndipo linapovunjika. Likigundishwa vizuri hudumu miaka, ila bei lazima ishuke.

Halafu soma freti. Hapa napenda nikae kidogo, kwa sababu ndipo gitaa linapokusimulia maisha yake. Chuma cha uzi kikisuguana na freti kila usiku wa dansi huacha vijishimo. Mpiga ridhimu huchimba freti za chini, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, mahali kordi zake zinapokaa. Mpiga solo, hasa wa rumba aliyeishi kwenye sebene, mara nyingi huacha alama juu, karibu na freti ya 12, kwenye nyuzi nyembamba. Pitisha kidole taratibu utaona mzee alikuwa nani katika bendi hata kama hakuna picha yake iliyobaki. Vijishimo vifupi husawazishwa kwa tupa, kisha kila freti ikarudishiwa mgongo wake wa mviringo. Kimo cha freti kikiwa chini ya nusu milimita, omba zibadilishwe, na ulijumlishe hilo kwenye bei kabla hujatoa senti.

Kuhusu umri, namba iliyo kwenye bamba la nyuma isikulevye. Bamba hilo linashikwa na skrubu tu na mtu anaweza kulihamishia gitaa lolote. Omba ruhusa ya kufungua shingo, uangalie kisigino chake. Kwenye nyingi za miaka ya 50 na 60 kuna tarehe ya penseli au ya muhuri. Kisha fungua bamba la mbele usome mgongo wa vidhibiti vya sauti. Ukiona 137 ikifuatiwa na 6621, maana yake ni kampuni ya CTS, mwaka 1966, wiki ya 21. Lakini hiyo ni tarehe ya kidhibiti, si ya gitaa. Fender ilinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966 ikaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo gitaa la 1968 linaweza kuwa na namba hiyo bila udanganyifu wowote. Kichwa nacho hukusaidia kukisia umri: Leo Fender mwenyewe alikuwa ameshaiuza kampuni kwa CBS mapema 1965, na mwishoni mwa mwaka huo kichwa cha Stratocaster kikaongezwa ukubwa. Watu hulipa zaidi kwa kichwa kidogo. Wewe unayetaka kupiga muziki, kikubwa hakikupunguzii kitu.

Sauti sasa. Gitaa lililonyamaza miaka mingi mara nyingi lina ugonjwa mdogo: tundu la waya limelegea, swichi imeshika kutu, au nyaya zimeachia. Dawa ya kusafishia swichi za redio, ile inayopulizwa na haiachi mafuta, huamsha vidhibiti vingi vilivyolala. Kisha pima pikapu kwa mita ya fundi redio. Pikapu ya Stratocaster yenye afya huonyesha takriban kilo-omu 5 hadi 7. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Huo ni waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, umezungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na chumvi ya hewa ya pwani huutafuna polepole. Pikapu inaweza kuzungushwa waya mpya juu ya sumaku zake zilezile. Usikubali itupwe.

Skrubu zilizoshika kutu zisikukasirishe. Gusisha ncha ya moto ya chombo cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa muda, iache ipoe, kisha jaribu kwa bisibisi inayoingia barabara. Joto hulegeza kutu bila kumwaga mafuta kwenye mbao. Piga picha kila hatua kabla hujafungua, na kila kinachotoka kiingie kwenye bahasha iliyoandikwa, hata kilichovunjika. Ukiweka swichi mpya, ya zamani ibaki ndani ya mkoba wa gitaa. Atakayelinunua kwako kesho atakulipa kwa ajili ya bahasha hiyo.

Nikuombe jambo moja kwa msisitizo wote nilio nao. Kama mzee aliacha pia amplifaya ya taa, usiifungue. Kapasita zake hushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Zile zilizotoka Marekani au Japani huenda zinataka volti 100 hadi 120, nawe ukutani una 230. Mpelekee fundi anayejua taa, na umwambie aweke waya wa ardhi. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni isiyo na waya wa ardhi huku ameshika gitaa lake. Ukisikia mchomo mdogo mdomoni unapokaribia maikrofoni, zima kila kitu hapo hapo, hata kama ukumbi umejaa na watu wanakusubiri.

Nyuzi mpya ziwe za mwisho, baada ya shingo na freti kutengemaa. Chukua seti ya 10, weka kimo cha karibu milimita 2 kwenye freti ya 12 kwa nyuzi nene na moja na nusu kwa nyembamba, kisha linganisha mlio wa uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo na mlio wake ukibonyezwa. Wa kubonyezwa ukiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi nyuma kidogo, upime tena. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, bila haraka. Na ukifungua zile skrubu za bamba la nyuma, mdogo wangu, niandikie umesoma tarehe gani kwenye kisigino. Kama shingo imenyooka na karatasi ya warithi iko mkononi, lipa, uende nalo nyumbani.